Mama Twende wa Mlango wa Tisa

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko kazini, endelea kujifanya unafanya kazi, lakini sikio liache huku kwangu. Leo tunamkumbuka mtu.

Tunamkumbuka mwanamke aliyefariki Jumapili iliyopita, alasiri, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Moyo ulikuwa umechoka. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, na binti yake alikuwa chumba cha pili akibadilisha swichi ya ukutani. Binti huyo ni fundi umeme. Anasema alimsikia mama yake akimwambia, "Ukimaliza hiyo njoo tule, tumbo langu halijui habari za waya." Akamaliza, akanawa mikono, akaenda. Akamkuta mama yake ameshatuacha.

Mtaa mzima ulimwita Mama Twende. Wauza maduka walimwita hivyo, wauguzi walimwita hivyo, hata ndugu zake wa damu. Basi na sisi leo tumwite hivyo hivyo.

Kwa miaka mingi Mama Twende alifanya kazi katika kituo cha afya. Hakuwa daktari. Hakuwa muuguzi. Narudia, hakuwa daktari wala muuguzi. Kazi yake ilikuwa kuwatoa watu ndani ya nyumba zao. Nasema watu waliofiwa. Watu waliostaafu wakajikuta hawana pa kwenda asubuhi. Watu waliohamia mtaa mpya na hawajui hata jina la jirani. Daktari anampima mtu kila kitu, haoni ugonjwa, na bado mtu anaumwa. Huyo anapelekwa kwa Mama Twende. Na Mama Twende anampeleka kwenye kwaya, au kwenye bustani, au kwenye matembezi ya asubuhi, au kwenye darasa la mapishi.

Halafu, wapendwa, ikafika siku Mama Twende mwenyewe akajifungia ndani. Akakataa kutoka. Akakataa kabisa, na afya yake ikaanza kuporomoka. Hicho ndicho kisa chetu leo. Huyu aliyewatoa wenzake wote, nani angemtoa yeye?

Tuanze mwanzo. Mama Twende alikuwa msusi wa nywele. Alikuwa na saluni ndogo jirani na kituo cha afya, viti viwili, kioo kimoja kilichopasuka kwenye pembe, na redio. Ninafurahi kusema redio ilikuwa kwenye stesheni hii. Daktari mkuu wa kituo alikuwa mteja wake. Ni mama mpole sana, ila akikukazia macho unakumbuka dawa zote ulizoacha kumeza. Nilizungumza naye juzi. Akanisimulia siku alipokaa kwenye kigoda, kichwa kiko mikononi mwa msusi, akaanza kulalamika.

Daktari anasema: "Nilimwambia, nina watu nawapa dawa ya usingizi, wanarudi. Nawapa ya maumivu, wanarudi. Wanachokikosa sina kwenye kabati. Wanakosa watu. Nataka mtu akae nao, awaulize maisha yao yakoje, halafu awaunganishe na wenzao. Akanivuta nywele kidogo, akaniuliza, 'Daktari, huo si umbea wenye mshahara?' Nikamwambia ndiyo, na nataka kukuajiri wewe."

Basi, akaajiriwa. Akapelekwa mafunzo, akarudi, akapewa chumba. Chumba chenyewe kilikuwa stoo. Kilikuwa na maboksi ya glavu na mzani mbovu uliosema kila mtu ana uzito ule ule. Mlangoni palikuwa na namba tisa. Daktari akimaliza kukupima na kuona huna tatizo la vidonge, anakwambia, "Toka hapa, pinda kulia, mlango wa tisa."

Ndani ya mlango wa tisa kulikuwa na viti viwili, na havikutazamana. Vyote viliangalia dirishani, kimoja mbele, kingine nyuma kidogo. Wageni walishangaa. Walimuuliza, mbona hatuonani uso kwa uso? Mama Twende alikuwa na jibu lake. Alisema, "Mtu ukimtazama usoni anakwambia hajambo. Ukikaa nyuma ya kichwa chake anakwambia ukweli. Nimesuka vichwa vingi, najua."

Kuna mwalimu mmoja mstaafu, leo ndiye kiongozi wa kwaya ya ukumbi wa jamii. Huyu alikuwa mtu wake wa kwanza kabisa. Aliingia mlango wa tisa akakaa, akakunja mkono wa shati hadi begani, akangoja. Mama Twende akamuuliza, "Mwalimu, unafanya nini?"

"Nangoja sindano."

"Hakuna sindano hapa."

"Basi vidonge."

"Hakuna vidonge. Kuna kwaya."

Mwalimu anasema alitazama dirisha muda mrefu, akashusha mkono wa shati polepole, akasema, "Kwa hiyo daktari amenikatia tamaa."

Sasa nieleze lile jina. Sehemu nyingi, ukiwa na shida, unaambiwa nenda. Nenda kule, nenda ukajiunge, nenda ukachangamke na watu. Mama Twende alisema mtu mpweke ukimwambia nenda, anafika kwenye kona ya kwanza anarudi nyumbani, na akishafika anajiona mjinga, na kesho hatoki tena. Kwa hiyo yeye hakusema nenda. Alisema twende. Anavaa viatu, anachukua mkoba wake mkubwa wa kahawia, mnaondoka pamoja. Mkifika ukumbini anaingia na wewe, anakaa na wewe kiti cha nyuma.

Halafu katikati ya mambo anakuinamia sikioni. "Nishikie mkoba, narudi sasa hivi."

Wapendwa, sasa hivi ya Mama Twende ilikuwa ndefu. Anaondoka, na wewe umebaki na mkoba wa mtu. Huwezi kuuacha. Huwezi kuondoka nao. Unakaa. Jirani yako anakuuliza, mkoba huo wa nani? Unamweleza. Na yeye anacheka, kwa sababu na yeye aliwahi kushikishwa mkoba ule ule. Mama Twende anakuja kuuchukua watu wakishaanza kupanga viti ukutani. Kufikia hapo umeshaulizwa unaishi wapi, na umeshaambiwa wiki ijayo usichelewe. Mwalimu anasema, "Nilikaa na ule mkoba mapajani kama mtu aliyeachiwa mtoto asiye wake."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Na ilifanya kazi. Watu walilala usingizi. Watu waliacha kwenda kwa daktari kila wiki. Msinielewe vibaya, wapendwa, dawa ya presha uliyoandikiwa imeze, usije ukasema redio imekwambia uimbe. Daktari mwenyewe anasisitiza hilo. Lakini anasema pia kuna maumivu ambayo yeye aliyatafuta kwa mashine zote akayakosa, na yakaondoka baada ya mtu kupata mahali pa kuwa siku ya Alhamisi.

Mtu mmoja tu alimshinda Mama Twende. Mmoja. Tumwite kama mtaa unavyomwita, Fundi Saa. Ana kibanda cha kutengeneza saa, chenye kioo mbele na taa ndogo ya kuinamia. Ni mgane, mke wake alifariki zamani. Alikuwa anabanwa kifua, anakwenda kituoni, anapimwa, moyo mzima, anarudi, anabanwa tena. Daktari akamwambia, pinda kulia.

Mama Twende alimpeleka kwaya, akamshikisha mkoba. Fundi Saa akampa mkoba mtu wa jirani akaondoka. Akampeleka bustanini, akasema mistari ya mboga imepinda. Akampeleka matembezi ya asubuhi, akatembea hadi kona ya kwanza, akageuka. Mwisho akamwambia maneno ambayo Mama Twende aliyarudia kwa miaka mingi, tena huku anacheka. Alimwambia, "Mama, nakuheshimu. Lakini mimi sitaki marafiki wa kuandikiwa na daktari."

Mama Twende hakumlazimisha tena. Ila alianza kupita kibandani. Anavua saa yake ya mkononi, anaiweka juu ya kioo. "Fundi, hebu itazame, naona kama inachelewa." Fundi anaifungua, anaiinamia, anasema, "Saa hii nzima." Mama Twende anasema, "Haya, ahsante, nilikuwa napita tu." Baada ya siku chache, tena. Saa hii nzima. Nilikuwa napita tu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Sasa tunafika penye uzito. Mama Twende alipatwa na presha ya macho. Ni ugonjwa unaokuja kimyakimya. Unakula uwezo wa kuona kutoka pembeni, na mtu hagundui hadi umeshakula sana. Aliweka matone, akafanyiwa upasuaji, haukusaidia vya kutosha. Akaacha kazi. Akapewa fimbo nyeupe, na mwanzoni akaitania. Alisema sasa amepata mkono mrefu wa kuchapia wavivu.

Kisha siku moja njiani akasimama kumsalimia mtu. Akamuuliza habari za nyumbani, habari za mguu, akangoja jibu. Kumbe alikuwa anaongea na pazia la mlango wa duka. Akasikia watu wanacheka. Na katika kile kicheko akatambua sauti ya mtu anayemjua.

Alirudi nyumbani akampa binti yake ile fimbo. "Iweke juu ya kabati," alimwambia. Binti akauliza kwa nini. Akajibu, "Mimi maisha yangu nimeshika watu mkono. Sijui kushikwa. Sitajifunza uzee huu."

Narudia, wapendwa, maana hapa ndipo kisa kilipo. Hakutoka tena. Miezi ikapita. Mama Twende, yule yule, akakaa chumba cha nyuma na pazia limefungwa. Chakula akawa anakionja tu. Nguo zikaanza kumpwaya. Matone ya macho akawa anasema ameweka, na hajaweka. Daktari alikwenda kumwona, akatoka ameinamisha kichwa. Aliniambia, "Niliyemkuta mle ndani alikuwa mmoja wa wale niliokuwa namletea yeye. Na mimi sikuwa na mlango wa tisa wa kumpeleka."

Binti akaomba msaada. Na watu wakaja. Hapo ndipo lilipofanyika kosa, na ni kosa ambalo watu wa Mama Twende tu ndio wangeweza kulifanya. Walikuja wote, wiki ile ile, na kila mmoja akaja na ujanja aliofanyiwa yeye.

Mwalimu alikuja wa kwanza. Akakaa dakika chache, akasema, "Mama, nishikie mkoba huu, narudi sasa hivi." Mama Twende akaupokea, akaupapasa, akautupa nje ya dirisha. Mwalimu akautoa kwenye maua.

Wakaja watu wa bustani na miche kwenye makopo. Wakasema miche inakufa, mama, hatujui tufanye nini, njoo ututazamie. Akashika jani moja kwa vidole viwili. "Mche huu una afya kuliko mimi. Rudini nao."

Wakaja wagane wa darasa la mapishi na sufuria ya wali ulioungua. Wakalalamika kwamba wameshindwa, wanamhitaji yeye akawaonyeshe. Akainusa. Akachukua kijiko akachota juu, akachota katikati. Akasema, "Wali ukiungua kwa bahati mbaya huungua chini. Huu mmeuunguza kwa juhudi."

Najua unacheka. Nami niliposimuliwa nilicheka. Lakini binti yake hakucheka, kwa sababu yeye ndiye aliyebaki na mama yake wageni walipoondoka. Sikiliza anavyosema.

"Mama alikaa kitandani akaniuliza, 'Mwanangu, hivi ndivyo walivyokuwa wanajisikia? Yaani miaka yote hiyo mimi nilikuwa nawachezea watu wazima kama watoto?' Nilikuwa nimeshika bisibisi, nikaendelea kuishika tu. Akaniambia, 'Funga mlango na komeo. Asije mtu tena. Wananitibu.'"

Kwa hiyo sasa hayakuwa macho tu. Alikuwa amepoteza kuona, na sasa anapoteza na kile alichokuwa amekifanya maishani. Aliamini kuwa kazi yake yote ilikuwa ulaghai wa nia njema. Inaniuma kulisema hilo hata leo.

Binti akafikiri. Ndipo akakumbuka kuna mtu mmoja hakuja. Fundi Saa hakuja, kwa sababu hakuwa mtu wa kikundi chochote. Akaenda kibandani kwake, akamwambia, "Baba, wewe ndiye pekee uliyemshinda mama. Nenda kamwone."

Fundi Saa hakuinua kichwa. "Mwanangu, umekosea mlango. Mimi mwenyewe niko ndani tangu mke wangu aondoke. Najua nini kuhusu kumtoa mtu?"

"Hujui kitu," binti akamjibu. "Ndiyo maana nimekuja kwako."

Siku kadhaa zikapita, kimya. Binti akakata tamaa. Halafu asubuhi moja akasikia hodi. Akataka kwenda kufungua, mama yake akamzuia, akauliza yeye mwenyewe kutoka ndani, "Nani?"

"Fundi."

"Binti yangu kakutuma."

"Ndiyo, kanituma."

Binti anasema mama yake alisogea hadi mlangoni. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, ukweli ukamkuta hajajipanga.

"Umekuja na ujanja gani?"

"Sina. Ningekuwa nao ningekuwa nimeshajitoa mwenyewe."

"Basi unataka nini mlangoni kwangu?"

Fundi Saa alikaa kwenye ngazi. Mlango ulikuwa bado umefungwa, na yeye amekaa ameupa mgongo. Akasema, "Tangu uache kupita kibandani, nafunga jioni na sijaongea na mtu. Mteja anaweka saa, anachukua saa. Basi." Akaendelea. "Ile saa yako, Mama Twende."

"Ilikuwa nzima," Mama Twende akasema. "Nisamehe. Siku zote ilikuwa nzima."

"Najua ilikuwa nzima. Nilijua tangu mara ya kwanza. Nilikuwa naifungua polepole makusudi. Nafuta kifuniko, nakifunga, nakifungua tena. Ili usiondoke haraka."

Wapendwa, binti alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni. Akamsikia mama yake anavuta pumzi kama mtu aliyekuwa chini ya maji.

"Kwa hiyo ulijua nakuchezea."

"Nilijua. Na mwalimu wako alijua. Nani anamwachia mgeni mkoba wake? Sote tulijua, mama. Hakuna mtu mwingine aliyejisumbua kutuchezea."

Hapo ndipo Mama Twende alipolia. Hakulia alipopoteza macho, wala alipochekwa njiani. Alilia hapo, amesimama, paji la uso limegusa mbao za mlango.

Fundi Saa akangoja. Alipoona kumetulia akasema, "Nataka kwenda kule kwaya. Peke yangu siwezi, nimejaribu juzi nikageukia kwenye kona yangu ile ile. Na mtu mwingine anipeleke sitaki."

"Mimi sioni, fundi."

"Mimi naona vizuri. Ila naogopa."

Binti alisikia komeo linavutwa. Kisha akasikia sauti ya mama yake, ile ya zamani, yenye amri ndani yake. "Wewe uliyejificha jikoni, nishushie fimbo yangu. Na wewe fundi, usije ukanishika mkono. Mimi ndiye ninayekupeleka."

Wakaenda. Njia nzima wanagombana. Mmoja anasema pinda hapa, mwingine anasema najua njia hii kabla hujanunua kibanda. Hadi leo ukiuliza nani alimpeleka mwenzake, unapata majibu mawili, na yote yanatolewa kwa hasira.

Walipotokea mlangoni pa ukumbi kwaya ilikuwa katikati ya mazoezi. Watu walitaka kuacha kuimba wawashangilie. Mwalimu anasema wengine walikuwa wameshainua mikono kupiga makofi. Akawakazia macho. Akasema, "Sauti ya pili, mmechelewa kuingia. Tunarudia." Wakarudia. Wale wawili wakaenda kukaa kiti cha nyuma, na hakuna aliyegeuka kuwatazama. Mwalimu anasema hakuna siku ambayo kwaya ile iliimba vibaya namna ile, maana nusu yao walikuwa wanafuta machozi.

Mama Twende alianza kula. Matone akarudi kuyaweka. Kuona hakukurudi, nisikudanganye, na zipo siku alikuwa mkali na zipo siku alikuwa mzito wa moyo. Lakini alitoka. Kwa miaka aliyobakiwa nayo alitoka, na akajifunza kushikwa kiwiko, na akawa anamkaripia anayemshika vibaya. Aliimba kwa sauti kubwa na nje ya tuni. Fundi Saa yeye hajaimba hata neno moja mpaka leo. Anakuja, anakaa, anakunja nne. Mwalimu alimuuliza mara moja kama angependa kujaribu sauti ya nne. Akajibu, "Nimekuja kukaa." Ikaishia hapo. Kifua hakimbani tena kama zamani.

Nilikutana na Mama Twende mwaka jana, tulipokwenda kurekodi kwaya ile. Alinitambua kwa sauti, akaniambia redioni naongea upesi kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Nikamuuliza swali letu la kawaida la watangazaji, siri ya kazi yako ni nini? Akafikiri. Akasema maneno ambayo niliyacheza tena leo asubuhi kabla ya kuingia hewani. Alisema, "Zamani nilidhani nilikuwa nawachezea. Kumbe walikuwa wananiruhusu."

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Mama Twende. Msusi. Mfanyakazi wa kituo cha afya, mlango wa tisa. Aliyefariki Jumapili iliyopita, alasiri, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Kwa binti yake, fundi umeme, tunakupa pole kutoka vilindini mwa mioyo yetu. Ulimtunza mama yako, na ulijua mlango wa kwenda kubisha. Kwa ndugu zake wote, kwa daktari mkuu na wafanyakazi wa kituo, kwa kwaya, kwa watu wa bustani, kwa wagane na sufuria zao, poleni sana. Mungu ampokee kwa upole.

Na sasa naomba ufikiri jambo moja, hapo ulipo. Kuna mtu unayemjua ambaye umekuwa ukimwambia nenda. Nenda ukatembee, nenda ukaone watu. Huenda ni shangazi yako. Huenda ni jirani uliyezoea kumwona akimwagilia maua na siku hizi humwoni. Mfikirie huyo kwa jina lake.

Mimi wa kwangu ninaye. Jana baada ya mazishi nilimkuta Fundi Saa amesimama peke yake karibu na geti. Kibanda hajakifungua tangu Jumapili. Nikamuuliza, Alhamisi utakwenda kwaya? Akatazama chini. Akasema, "Sijui. Kona ile ni mbali." Nikamwambia watu watakuja kukuona. Akanyanyua mkono haraka. "Waambie wasije wote kwa pamoja."

Basi nawaambieni, wanakwaya mnaonisikiliza. Msiende wote kwa pamoja. Alhamisi asubuhi nitakwenda mimi. Nitabisha hodi, nitakaa kwenye ngazi yake kama akichelewa kufungua. Sauti yangu mnaijua hapa redioni, lakini katika kuimba mimi ni balaa, na tangu nihamie mtaa huu sijawahi kuingia mahali penye watu wengi bila kipaza sauti mkononi. Nitamwambia ukumbi ule naogopa kuuingia peke yangu. Na huo, wapendwa, si ujanja.